Bunduki za Sadowa, Soko la Mazinde

Mwaka wa pili chuoni nilipata A katika Historia ya Ulaya ya Kisasa na Dunia. Swali nililolijibu vizuri kuliko yote lilihusu vita vya Prussia na Austria. Nilieleza jinsi Bismarck alivyoitenga Austria, jinsi reli zilivyowahisha askari, na jinsi Prussia ilivyoshinda pale Sadowa tarehe 3 Julai 1866 ikiwa na bunduki ya sindano. Bunduki ile ilijazwa risasi kwa nyuma, hivyo askari wa Prussia aliweza kupiga akiwa amelala chini, wakati mwenzake wa Austria bado amesimama wima anashindilia baruti kwenye mdomo wa mtutu. Mwalimu wa semina aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: vizuri sana.

Likizo ile nikaenda Handeni kumsalimia Bibi, mama yake baba. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikavuta kigoda nikaanza kumsaidia.

"Mnasoma nini huko, mjukuu wangu?"

Nikamwambia tunasoma habari za Wazungu, wafalme wao na vita vyao. Akamaliza gunzi lililokuwa mkononi, ndipo akauliza: "Na sisi tumo?"

"Tunakuja baadaye, Bibi. Mwaka wa tatu."

Sikuwa nimemdanganya. Katika mtiririko wa kozi ile, Afrika ilikuwa inaingia mwishoni mwa 1884, Berlin, juu ya meza, tayari kwa kukatwa. Kabla ya hapo tulikuwa na somo letu pembeni, Historia ya Afrika, chumba kingine na mwalimu mwingine. Masomo yale mawili hayakuwahi kukutana hata kwenye karatasi ya mtihani. Nilitoka chuoni na shahada, nikiamini kwamba dunia ilikuwa inaendelea na mambo yake huko, na sisi huku tunasubiri kufikiwa.

Kitabu kilichonitoa kwenye imani hiyo kinaitwa Habari za Wakilindi. Aliyekiandika ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, aliyeishi kati ya Wakilindi wenyewe na kuyajua mambo yao kwa karibu. Wamisionari wa UMCA walikichapa kwa sehemu kuanzia miaka ya 1890. East African Literature Bureau ikakitoa upya mwaka 1962, na mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen. Mimi nilianza na hiyo ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye rafu ya maktaba. Yaani kitabu cha Kiswahili, kuhusu milima ninayoiona nikiwa Korogwe mjini, nilikisoma kwanza kwa Kiingereza. Fotokopi ya Kiswahili niliipata baadaye kwa rafiki, kurasa zake zimefifia na nyingine zimekatwa maneno ya mwisho.

Hadithi yenyewe wengi wa Tanga tunaijua kidogo kidogo. Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu, anatoka milima ya Nguu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, na ndugu zake wakamnyima haki yake. Anakimbia, anavuka kwenda milima ya Usambara, anawagawia watu nyama, anaamua mashauri yao, na mwisho wanamfanya mfalme wao huko Vugha. Ukitazama ramani ya leo, safari ile inaanzia upande wa wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, na kupandia milima iliyo juu ya Korogwe. Nyumba za wazazi wangu wawili ziko pande mbili za safari hiyo. Baba ni Mzigua wa Handeni, mama kwao ni Korogwe.

Kinachonivutia zaidi katika uandishi wa Abdallah ni kwamba kwake siasa ni mazungumzo. Mjumbe anatumwa, anapokewa, anasalimiwa, anasema neno alilopewa, anajibiwa, anarudi nalo. Wazee wanakaa shauri. Mtu anakubali mbele ya watu na kukataa akifika kwake. Kozi yangu ilinifundisha kupanga sababu: za kisiasa, za kiuchumi, za kijamii, namba moja hadi sita, na hitimisho. Kwa Abdallah sababu hazipangwi. Unakaa barazani unasikiliza watu wakibishana mpaka unaona mwenyewe nani anasema nini na kwa nini. Kuna kurasa zinachosha, kwa kuwa kila ujumbe unarudiwa neno kwa neno. Lakini ukishazoea, unagundua kuwa hivyo ndivyo mambo yanavyoamuliwa, hata leo, kwenye kikao chochote cha ukoo.

Sehemu iliyoirudisha akili yangu kwenye ile A ni habari za baada ya kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai. Steven Feierman, katika The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, anakiweka kifo hicho mwaka 1862. Ni mwaka uleule Bismarck alipofanywa waziri mkuu wa Prussia. Tarehe kugongana si ushahidi wa chochote, najua. Hata 1848, mwaka wa mapinduzi tuliousoma wiki tatu nzima, ndio mwaka Krapf alipopanda kwenda Vugha kuonana na Kimweri, na hakuna kati ya mambo hayo mawili lililosababisha lingine. Ila tarehe zikigongana mara ya pili na ya tatu, unaanza kuuliza maswali.

Kimweri alipofariki, kiti kilichukuliwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mmoja wa wana wa marehemu, hakuridhika. Semboja alikuwa amekaa Mazinde. Ukipanda basi la Arusha kutoka Korogwe, unapita Mombo, kisha Mazinde, ukuta wa milima ukiwa kulia kwako. Abiria wengi wanakuwa wamelala. Kwa Wakilindi wa zamani, mahali pa mfalme palikuwa juu: mvua, migomba, Vugha. Bondeni palikuwa pa watu wengine. Semboja alikaa bondeni kwa sababu bondeni ndiko misafara ilikopita, na misafara ilikuwa na nguo, baruti na magobore. Akampiga mpwa wake, akamtoa Vugha. Halafu akafanya jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nililirudia: kiti cha Vugha akampa mwanawe, Kimweri Maguvu, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde.

Mtu ameshinda vita vya kugombea kiti, kisha hakikalii. Feierman analieleza vizuri: nguvu zilikuwa zimehama kutoka kwenye mvua na kodi ya wakulima, zikaenda kwenye biashara. Aliyekuwa karibu na soko ndiye mfalme, hata kama mwingine ndiye aliyevaa ufalme.

Sasa magobore yale yalitoka wapi? Hapa ndipo semina yangu ya Sadowa ilipokutana na Mazinde, miaka kadhaa baada ya mtihani. Magobore yalikuwa yakiingia pwani yetu tangu zamani, lakini baada ya 1866 kila jeshi la Ulaya liliona kilichoipata Austria. Wafaransa wakaingia kwenye Chassepot mwaka huohuo. Waingereza wakaanza kwa kuzigeuza bunduki zao za zamani zijazwe nyuma, kisha wakatoa Martini-Henry mwaka 1871. Bunduki za mtindo wa zamani zikakosa kazi Ulaya. Hazikutupwa. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ya chini, zikapakiwa kwenye meli, nyingi zikafika Zanzibar na bandari za Mrima, Pangani ikiwemo, zikapanda bara na misafara. Sisemi kwamba gobore fulani lililoangushwa Sadowa lilionekana Mazinde. Hakuna anayeweza kuzifuatilia moja moja. Nasema kwamba vita nilivyovipatia A vilikuwa na ukurasa wa pili, na ukurasa huo ulikuwa Korogwe.

Na malipo? Pembe za ndovu, ambazo huko London na Connecticut zilikuwa zinageuzwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Na watu. Vita vya Wakilindi vilizalisha mateka, mateka waliteremshwa pwani, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliwataka. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikazidi kupanda. Mwaka 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar, na biashara ikaendelea kwa njia za kificho. Haya yote yalikuwamo kwenye masomo yangu, vipande vipande, kila kipande na chumba chake. Hakuna aliyewahi kuviweka mezani pamoja.

Nisije nikaonekana nataka Ulaya iondolewe kwenye mtaala. Kama nisingesoma habari ya bunduki ya sindano, ningesoma vita vya Semboja kama ugomvi wa ukoo tu, mtu na mtoto wa ndugu yake, basi. Kozi ile ilinipa nusu ya jibu. Kosa lake ni kunitunuku cheti kana kwamba nusu ile ndiyo jibu zima.

Wapo waliojaribu kuziba pengo hili kabla yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi za Terence Ranger, Isaria Kimambo na Arnold Temu, kilitupa historia yenye Waafrika ndani yake. A History of Tanzania cha mwaka 1969 ni zao la kazi hiyo. Kisha Walter Rodney, mwaka 1972, akatupa mnyororo: utajiri wa kule na ufukara wa huku ni habari moja. Namshukuru, maana bila mnyororo huo nisingejua pa kutafuta. Lakini kwenye mnyororo, Semboja ni kiungo. Kwa Abdallah ni mtu: ana baba aliyemwacha na hasira, ana wana wa kuwagawia nchi, ana hila, ana hofu. Wala haingii kwenye orodha ya mashujaa wa kupinga ukoloni tuliyoikariri shuleni, kwa sababu aliuza watu. Historia ya utaifa haikujua imweke wapi, na historia ya Ulaya haikumjua kabisa. Nadhani ndiyo maana nilifika umri wa miaka 24, mtoto wa Korogwe mwenye shahada ya historia, bila kuwahi kuulizwa swali moja juu yake.

Nikarudi Handeni na fotokopi yangu. Safari hii nilitaka kumwonyesha Bibi kwamba tumo. Nikamsomea jioni tatu, chini ya mwembe. Mbegha alimfurahisha sana. Aliponda ndugu zake waliomnyima urithi kana kwamba ni majirani zake. Nilipofika kwenye vita na mateka, alininyamazisha kwa mkono.

"Hao waliouzwa, majina yao yapo?"

Nikarudisha kurasa nyuma, nikapeleka mbele. Wakubwa wote wana majina, na wana wao, na wake zao wengine. Waliouzwa wanakwenda kwa makundi. Hapo nikauona udhaifu wa kitabu ambacho nilikuwa nimeshaanza kukitangaza kwa kila mtu. Habari za Wakilindi ni habari za Wakilindi kweli, yaani za watawala. Mkulima anaonekana anapotoa kodi, anapokuja barazani kwa wingi, au anapokamatwa. Feierman aliliona hilo, na kitabu chake cha mwaka 1990, Peasant Intellectuals, kikawafuata wakulima wenyewe na mabishano yao juu ya nani anaiponya nchi na nani anaiharibu, kuzifya shi na kubana shi kwa Kisambaa. Upande wa Handeni, James Giblin mwaka 1992 alionyesha jinsi Wazigua walivyokuwa wakilizuia pori, ndorobo na kupe kwa kulima na kukaa pamoja chini ya wakubwa wenye akiba ya chakula, na jinsi mpango huo ulivyovunjika chini ya ukoloni, pori likarudi, ng'ombe wakafa na njaa ikazidi. Ni vitabu vizuri sana. Vyote vya Kiingereza, na Bibi hakusoma Kiingereza.

Bibi hakusubiri nimalize kurasa. Akaanza habari yake, nyingine kabisa, ya zamani kuliko Semboja. Alisema kwao wanasimulia kwamba ilikuja njaa kubwa, watu wakateremka pwani kutafuta chakula, wakapakiwa majahazini wakiahidiwa kazi, hawakurudi. Hayo nilikuwa nimewahi kuyasikia utotoni na kuyaweka kwenye fungu la ngano. Kisha akaniambia kwamba miaka ya tisini, Somalia ilipovunjika, walikuja wakimbizi wakawekwa kambini Mkuyu, hapohapo Handeni. Siku moja sokoni akasikia wanawake wawili wageni wanapatana bei, wao kwa wao, kwa Kizigua. Kizigua cha ajabu kidogo, alisema, kama cha bibi yake.

"Nikasema, ala! Wale wamerudi."

Usiku ule sikulala vizuri. Habari hii inajulikana na wataalamu. Wazigua walipelekwa pwani ya Benadir katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakauzwa, wengi wakatoroka na kujenga vijiji kwenye misitu ya Mto Juba, wakaitunza lugha yao. Simulizi zao zina jina la mwanamke aliyewaongoza, Wanankhucha. Baada ya vita vya 1991 baadhi yao walikuja Tanzania, wakakaa Mkuyu na baadaye Chogo, na wengi wakapewa uraia. Jamaa zao wengine waliokimbilia Kenya walipelekwa Marekani miaka ya 2000. Kwa hiyo leo kuna watoto Marekani ambao bibi zao wanaongea lugha ya Handeni bila kuwahi kuiona Handeni.

Mwaka wa kwanza chuoni niliandika insha ya kurasa nane juu ya kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza. Sheria ya 1833, Wilberforce, hoja za dini, hoja za uchumi. Wazigua wa njaa ile walikuwa wakipakiwa majahazini karibu na miaka hiyohiyo. Bibi yangu alikuwa na nusu ya pili ya insha yangu, na alikuwa nayo siku ile tulipokuwa tunapukuchua mahindi, nilipomwambia kwamba sisi tunakuja mwaka wa tatu.

Sasa nafundisha historia sekondari, Korogwe. Kidato cha Sita wana mada za Ulaya: kuinuka kwa ubepari, muungano wa Ujerumani, vita vya dunia. Natakiwa kuzimaliza kabla ya mtihani wa taifa, na siwezi kuwachezea watoto wa watu. Mwaka jana, kwenye muungano wa Ujerumani, niligawa ubao mara mbili. Kushoto Sadowa, kulia Mazinde. Mishale ya chaki katikati: bunduki, pembe, watu, karafuu. Nilitumia vipindi viwili. Kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani, hii inatoka kwenye mtihani?"

"Haitoki."

Nusu ya darasa wakaweka kalamu chini. Siwalaumu; hata mimi ningeweka. Mtu akisoma kwa ajili ya kufaulu, anaandika kile atakachoulizwa, na hakuna anayeuliza habari za Mazinde. Wanaoandaa mitihani na mitaala ya vyuo wanaweza kulibadilisha hili kwa swali moja tu, lililopangwa wiki ileile ya Bismarck, likiwa na ukurasa mmoja wa Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili chake. Bei yake ni fotokopi.

Wakati tunawasubiri, nilitoa kazi ya likizo isiyo na alama: kila mmoja amuulize mzee wa kwao ni nani katika ukoo aliyeondoka asirudi, na kwa nini. Niliwaambia waandike jina. Januari walirudi na madaftari 31. Kuna waliokwenda mkonge Ngombezi na Magunga, kuna waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi mwaka 1916 wakati Waingereza wanaingia Korogwe na Handeni, kuna aliyekwenda Mombasa na redio yake tu ndiyo iliyorudi. Madaftari sita yameandika njaa. Katika mawili, mahali pa jina, wameweka mstari mtupu, na chini yake mmoja ameandika kwa penseli: bibi anasema alikuwa mwanamke, alikuwa mrefu.

Nilipeleka madaftari yale Handeni Pasaka iliyofuata. Bibi sasa haoni vizuri, kwa hiyo nilimsomea majina tu, moja baada ya jingine, na kwenye mistari ile mitupu nikasema palipo wazi. Akataka nimrudie yule mrefu.